Mkate wa Nyumba Nambari Tano

Kwatu. Kwatu. Kwatu-kwatu. Halafu kimya kidogo, kama mtu aliyesimama kuvuta pumzi, halafu tena kwatu. Huo ndio mlio wa mashine ya mkate ikikanda unga juu ya gunia lililokunjwa mara nne, ndani ya chumba chetu cha kupanga hapa Kakamega, na redio ikiimba kwa nguvu juu yake ili mtu wa nje asisikie. Nimesahau sauti za watu wengi. Hata ya baba yangu wa siku zile naikumbuka nusu nusu. Lakini mlio ule, nikiwa nimechoka, miguu ikiwaka moto baada ya kusimama tangu asubuhi, huja wenyewe bila kuitwa.

Na kuchoka nachoka. Nafanya kazi katika hoteli ndogo mjini, kazi yangu ni kukanda unga wa mandazi na chapati. Shule niliishia pale karo ilipoishia, kwa hivyo asinitafutie mtu maneno makubwa humu. Ndoto ninazo, tena nyingi, hata jina la duka langu la mikate nimeshalichagua na rangi ya mlango pia, lakini hilo ni la siku nyingine. Juzi nilienda kumwona mama nikaikuta ile mashine kwenye kona ya jikoni, kifuniko kimeng'oka, na ndani yake kuku ameketi juu ya mayai.

"Usimguse," mama akaniambia. "Amebakisha siku chache."

Nikacheka mpaka nikashika ukuta. Halafu nikiwa njiani kurudi mjini kicheko kikaisha, na uchovu wa zamani ukanirudia wote kwa mara moja, ule wa mama, ambao mimi nilikuwa nikiutazama tu bila kujua ni kitu gani.

Ploti yetu ilikuwa na vyumba vinane, vinne upande huu na vinne upande ule, katikati uwanja wa saruji wenye mfereji mmoja wa kuchotea maji. Kuta za kugawanya vyumba hazikufika juu. Kati ya ukuta na mabati palikuwa wazi, kwa hivyo ukipiga chafya nyumba ya kwanza unaambiwa pole kutoka nyumba ya nane. Sisi tulikuwa nyumba nambari tano: mama, mimi niliyekuwa darasa la nne, na mdogo wangu Mercy ambaye alikuwa bado anaanguka akitembea. Baba alikuwa upande wa Ekero anakata miwa. Kazi ya miwa ilikuwa imekuwa ya leo ipo kesho haipo, na baba naye akawa hivyo hivyo.

Stima ya ploti ilikuwa ya mita moja. Mwenye ploti ndiye alinunua tokeni, ile stima ya kulipia kabla ya kutumia, na pesa yake ilikuwa ndani ya kodi. Kwa sababu hiyo aliandika kwa chaki ndani ya kila mlango, kwa herufi kubwa, kwamba stima ni ya taa, redio na simu. Koili ya kupikia hapana. Pasi hapana. Mtu mmoja tu alikuwa na ruhusa, naye ni Mama Rispa wa nyumba nambari sita, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta. Alikuwa na friji kuukuu yenye kutu miguuni, na kila mwezi aliongeza kitu juu ya kodi kwa ajili yake. Ndani ya friji hiyo aligandisha juisi nyekundu katika vifuko vyembamba, akawauzia watoto wa shule wakati wa mapumziko. Ndiyo ilikuwa kazi yake, hakuwa na nyingine.

Mama yangu alifua nguo na kupiga deki kwa watu. Nyumba aliyofanya kazi zaidi ilikuwa ya mhadhiri mmoja wa chuo kikuu, na mke wa mhadhiri tulimwita Madam. Mama alirudi jioni vidole vimekunjamana kama vya mtu mzee, anavua kiatu kimoja, anasahau kingine. Asubuhi lazima pawe na mkate, kwa sababu ndio ulikuwa chai yetu, na slesi mbili ndizo nilibeba shuleni. Mkate wa duka siku hizo ulikuwa unapanda bei na kupungua ukubwa kwa wakati mmoja. Mama aliuinua dirishani, akaupima kwa mkono na kusema, "Huu wamejaza upepo."

Muhula ulipoanza, Senje alikuja. Senje ni dada ya baba, anakaa Navakholo, mama mnene mwenye kicheko cha kusikika barabarani. Alileta ndizi mbichi na maziwa kwa kibuyu. Alipomaliza kunywa chai akafuta mdomo, akasema lile lililomleta.

"Mulamwa," alimwambia mama, maana ndivyo mawifi huitana kwetu, "huyu Ayuma nipatie. Wewe umebaki mifupa tu. Kwangu kuna maziwa, mahindi iko, shule iko hapo tu ng'ambo ya barabara."

"Ayuma ananisaidia na huyu mdogo."

"Anakusaidia! Mtoto wa darasa la nne anakusaidia nini, kukula?"

Wakacheka wote wawili, mama kidogo, Senje sana. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia la kitanda nimemshika Mercy mdomo.

"Nipe mpaka shule zifungwe," mama akasema. "Nikiona siwezi, nitamleta mwenyewe."

Senje hakuwa mtu mbaya. Hilo nalisema mapema kwa sababu katika hadithi za namna hii shangazi huwa mbaya. Alikuwa ameona kweli. Lakini mimi nilisikia jambo moja tu: kwamba shule zikifungwa mama bado anashindwa, nitatolewa kwake. Tangu siku ile kila kitu kilichoingia nyumbani au kutoka nilikitazama kwa macho hayo. Je, hiki kinanibakisha au kinanipeleka?

Basi ndipo ikaja mashine. Madam alikuwa anahamia mji mwingine na hakutaka kubeba kila kitu. Akamwambia mama, "Mama Ayuma, hii unaijua, ichukue. Itakupunguzia gharama." Mama aliibeba kichwani kutoka huko hadi kwetu ikiwa imefungwa kwa shuka, na watu walipomuuliza amebeba nini, alijibu ni nguo za kufua.

Unajua inavyofanya kazi? Unamwaga maji, mafuta, chumvi, sukari, unga wa ngano, hamira juu kabisa, unafunga, unabonyeza. Yenyewe inakanda, inaacha unga uumuke, inakanda tena, inaoka. Saa tatu na kitu. Mama aliifungua mara ya kwanza kwa taulo mikononi, akageuza ile sufuria yake ndogo, mkate ukaanguka juu ya trei, mrefu kama tofali na wenye rangi ya udongo wa kwetu. Harufu yake siwezi kuieleza na siwezi kuacha kujaribu. Chini ya mkate palikuwa na shimo. Ni pale kijichuma cha kukandia kilipokuwa kimekaa, lakini mimi sikujua. Niliamini mashine imekula sehemu yake kwanza, kama mpishi anavyoonja, na nikaona ni haki yake, maana imefanya kazi saa tatu bila kupumzika. Kwa muda mrefu niliiambia asante kabla ya kula.

"Mama," nikamuuliza, "si tumekatazwa?"

"Tumekatazwa koili. Hii ni koili?"

"Hapana."

"Basi."

Lakini alinyoosha mkono akaongeza redio.

Kazi hiyo ya redio baadaye ikawa yangu. Mama aliweka vitu vyote ndani ya mashine saa ya chakula cha mchana, alipokuja kumwona Mercy aliyeshinda kwa jirani, akabonyeza, akarudi kufua. Mimi, siku ambazo darasa letu lilitoka mapema, naketi sakafuni kando yake. Ikianza kwatu kwatu, naongeza redio. Ikinyamaza kuumua, napunguza. Nilikuwa hodari kuliko mtangazaji. Mercy alikuwa akicheza densi tu, yeye kwake ilikuwa sherehe kila siku.

Na kweli mambo yalianza kulegea. Mkate wa mashine ulikuwa mzito, slesi moja ilikaa tumboni mpaka kengele ya saa sita. Mama aliacha kununua sukari ya kufungiwa kwa karatasi akanunua pakiti nzima. Siku moja alileta mafuta ya kujipaka yenye harufu, akanipaka mikono mwenyewe, taratibu, kama mtu aliye na muda. Nilifikiri: nimebaki. Nilimtazama Senje kichwani mwangu, na ng'ombe wake, na maziwa yake, nikamwambia pole.

Kilichotushinda ni harufu. Mlio unaweza kuufunika kwa redio, lakini harufu ya mkate ilipanda juu ya kuta zile fupi ikashuka kila chumba bila kubisha hodi. Ule mkate wa kwanza kabisa, kabla mama hajauweka kisu, tulisikia mtu wa nyumba ya nane akiita, "Wee! Nani anaoka keki huko na hatujaitwa?"

Mama alisimama kama aliyeshikwa. Kisha akaukata mkate. Nusu yetu. Nusu nyingine akaigawa vipande saba, akaweka kwenye visahani, akafunika kwa vitambaa na kunituma mlango kwa mlango. "Sema mama amewasalimia."

Nyinyi wa rika langu mliokulia ploti mnajua, sahani ya jirani hairudi tupu. Nilipeleka mkate nikarudishiwa vitu. Fundi wa nguo wa nyumba ya pili aliturudishia sahani na vifungo vinne vya rangi tofauti. Mwanafunzi wa chuo wa nyumba ya nane, ambaye yeye mwenyewe alikuwa na njaa kuliko sisi, aliweka biro. Mwingine vitunguu, mwingine likuvi, zile mboga za kunde, konzi moja. Mama Rispa yeye aliweka barafu mbili, moja yangu, moja ya Mercy, na kila mara alisema neno lile lile, "Mwambie mama yako mikono yake isichoke."

Sikuwa na furaha kama hiyo maishani. Kila mara mkate ulipotoka nilivaa gauni safi kabla ya kubeba sahani. Nilijiona mtoto wa tajiri anayegawia watu. Nilitembea polepole uwanjani ili watu wanione vizuri. Miaka mingi ilipita kabla sijaelewa kwamba zile sahani hazikuwa za ukarimu peke yake. Kila kipande kilikuwa cha kufunga mdomo. Mama alikuwa akiwalipa watu kwa mkate ili wasiseme kuhusu mkate. Na kwa kuwa nusu iliondoka kila mara, ilibidi aoke mara mbili zaidi ili sisi tubaki na wa kula, na kadiri alivyooka ndivyo harufu ilivyotoka, na kadiri ilivyotoka ndivyo alivyogawa. Nikiwaza hilo sasa nataka kucheka na siwezi. Mwanamke aliyefua nguo za watu mchana kutwa alikuwa amejipatia tena ploti nzima ya kulisha.

Mwenye ploti alikuja Jumamosi moja asubuhi, watu wote wakiwa nyumbani. Alikuwa mzee mfupi, mstaafu, na nyumba yake ilikuwa nyuma tu ya ua la ploti. Alisimama karibu na mfereji akasubiri mpaka kila mlango umetoa mtu.

"Tokeni ya mwezi mzima," akasema, "imeisha na mwezi bado iko nusu. Hii ni mara ya pili. Kuna mtu hapa anapika na stima yangu. Mimi si mtoto."

Watu wakatazama saruji.

"Fundi?"

"Mzee, cherehani yangu ni ya miguu. Inakunywanga uji wangu tu, si stima."

Wengine wakacheka puani. Mwenye ploti hakucheka.

"Wewe wa chuo?"

"Mimi nachaji simu pekee, na hata hiyo simu hainanga kredo."

Alipita akichungulia mlango kwa mlango. Mashine yetu ilikuwa chini ya kitanda imefunikwa kwa shuka lile lile iliyokuja nalo. Mama alikuwa amesimama mlangoni amembeba Mercy, mkono mwingine umeshika wangu. Alikuwa akiukamua mkono wangu kama nguo. Mwenye ploti alichungulia kwetu, akaona kitanda, meza, redio, akaendelea. Akafika nyumba nambari sita akasimama.

"Basi ni hii friji."

"Friji nailipia, baba," Mama Rispa akasema. "Tangu niingie hapa nalipa. Haijawahi leta shida."

"Sasa imeleta. Imezeeka. Inakula kama ng'ombe."

Mama Rispa akageuka. Sitasahau vile aligeuka. Alimtazama fundi, akamtazama yule wa chuo, akaenda mlango baada ya mlango kwa macho, na kila aliyetazamwa alikuwa amekula. Mwisho akafika kwa mama. Angeweza kunyoosha kidole tu, hata neno lisingehitajika. Mimi nilimtazama mama nikingoja aseme, kwa sababu mama ndiye aliyenifundisha kusema ukweli hata nikivunja glasi. Mdomo wake ulifunguka kidogo, halafu ukajifunga.

"Sawa," Mama Rispa akasema. "Kama ni friji, ni friji."

Mwenye ploti akaingia, akachomoa waya yeye mwenyewe. "Uza hii kitu. Ukitaka kukaa, utakaa bila friji."

Mchana ule jua lilikuwa kali na barafu zikaanza kuyeyuka. Mama Rispa alizitoa zote kwenye beseni akaita watoto wa ploti na wa ploti jirani. Akagawa bure mpaka zikaisha. Mimi nilikula tatu. Nawaambia ukweli, nilikula tatu na nilifurahi, ilikuwa kama Krismasi. Nikaingia nyumbani nikicheka, na mama aliyekuwa ameketi kitandani akainua macho, akaona ulimi wangu ulivyo mwekundu, akafunika uso kwa mikono yote miwili.

"Nenda usukutue," akasema ndani ya vidole. "Nenda, mama."

Nilisukutua. Rangi haikutoka.

Siku mbili mashine ilikaa kimya. Siku ya tatu pesa ilikuwa haitoshi kununulia mkate, ila unga wa kukopa dukani ulitosha kuoka, kwa hivyo mama akaoka. Akakata kipande cha Mama Rispa kwanza, kikubwa kuliko cha wote, karibu robo ya mkate, akanipa. Niligonga. Mama Rispa alikuwa ameketi juu ya kreti, na friji iko wazi imeegemezwa ukutani, imepanguswa, inangoja mnunuzi. Aliniambia mnunuzi ni mtu wa sokoni, atakuja Jumamosi na mkokoteni. Akaniambia kama habari ya kawaida. Alipokea mkate, akaenda kuosha sahani mfereji, akaikausha kwa leso yake na kunirudishia.

Niliibeba mpaka kwetu nikamwonyesha mama. "Mama Rispa siku hizi hana kitu," nikasema. Niliona ni hivyo tu. Nilimhurumia, friji imezimwa, angeweka nini?

Mama aliichukua sahani akaigeuza, akaitazama chini na juu. "Amesema nini?"

"Amesema asante."

"Hakusema mikono isichoke?"

"Hapana."

Mama akaketi. Hakulia. Nilitamani alie, ningejua la kufanya. Aliketi tu na sahani mapajani kama mtu aliyesahau alikuwa akienda wapi, mpaka Mercy akaja kuishika, naye akamwachia.

"Nitasema," akaanza baadaye, kana kwamba mimi ndiye niliyemuuliza. "Mimi si mwizi, Ayuma. Nitasema. Shule zikifungwa tu nitaenda kwa mzee niseme. Sasa nikisema tunatolewa, na nikitolewa sina pa kuanzia, na Senje atakuja. Elewa. Wiki chache tu." Kisha akaegemea ukuta na kufumba macho. "Kuchoka kunaharibu mtu," akasema polepole. "Usikubali kuchoka hivi."

Nilielewa. Watoto wanaelewa zaidi ya tunavyowadhania, ila wanaelewa kwa hesabu zao. Hesabu yangu ilikuwa fupi. Shule zilikuwa zinafungwa baada ya wiki chache. Mtu wa mkokoteni alikuwa anakuja Jumamosi.

Yaliyofuata nayaeleza haraka. Friji haikuuzwa. Mwenye ploti aliiwasha tena yeye mwenyewe Ijumaa, na Mama Rispa akagandisha juisi pale miaka mingi, mpaka magoti yakamshinda akaenda kwa mwanawe. Sisi tulipewa mpaka mwisho wa mwezi tuhame. Mama alipata chumba kingine nje ya mji, cha udongo, kisicho na stima, na mashine ikahamia huko kukaa bure. Mimi nikaenda Navakholo. Senje alinipokea vizuri, alinifundisha kukamua, na asubuhi tulikula viazi vitamu kwa chai ya maziwa mengi. Nilikaa kwake madarasa manne. Mama alikuja kuniona mara moja kwa muhula, na kama mgeni yeyote alibeba mkate wa duka, kwenye karatasi yake. Nilikula mkate huo nikimtazama. Mashavu yake yalikuwa yamerudi kidogo. Aliponikumbatia kuondoka alinikumbatia kwa muda mrefu, na kila mara nilijiuliza kama anajua.

Hakuwahi kuniuliza. Siku za kuhama Senje ndiye aliuliza, "Sasa ni nani alienda kukusema kwa mzee? Si huyo wa friji?"

"Si yeye," mama akasema. "Huyo angesema siku ile ile." Akaendelea kufunga magodoro kwa kamba. "Aliyesema, amesema. Mimi tangu Ijumaa nalala usingizi."

Sasa niseme nami, maana mama bado yuko hai na labda mtu atamsomea hii.

Ilikuwa Alhamisi, baada ya shule. Nilimwacha Mercy kwa fundi, nikamwambia naenda chooni. Nilizunguka ua mpaka upande wa pili, kwenye geti la mwenye ploti, ambalo sikuwahi kulikaribia kwa sababu ya mbwa. Lachi ya kulifungia ilikuwa juu. Nilivuta jiwe nikapanda. Mbwa alibweka mara mbili kisha akaja kunusa sketi yangu, na mguu wake wa mbele mmoja ulikuwa na kidonda, akawa anachechemea, nikaacha kumwogopa. Mzee alikuwa ameketi kwenye kigoda anapukuchua mahindi juu ya gunia. Aliinua uso.

"Wewe ni wa nani? Nani amekutuma?"

"Hakuna."

"Unataka nini?"

Nilikuwa nimepanga maneno mengi njiani, hata ya kumbembeleza, ya kwamba mama anafua sana na Mercy ni mdogo. Yote yalipotea. Alikuwa ameshika gunzi mkononi, ameacha kupukuchua, ananingoja.

"Si friji," nikasema. "Ni sisi."

Akaliweka gunzi chini. Punje chache zilikuwa zimerukia nje ya gunia karibu na mguu wangu, nikaziokota nikamrudishia. Kisha nikatoka, nikapanda tena lile jiwe, nikafunga lachi vizuri ili mbwa asitoke barabarani.